Majivu ya Mwaka Huu

Nyumbani kwa Mama,
Ijumaa, siku moja baada ya Kupaa Bwana

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na fundi saa wako na wote walio chini ya paa lenu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, na kwa kuwa sikutakii ugonjwa, si uongo. Ukitaka kujua habari za huku, mimi ni mzima. Mama si mzima. Moyo wake umevimba, miguu nayo imevimba, na daktari amekataza asipande ngazi wala asibebe hata birika lililojaa. Kitanda chake tumekihamishia sebuleni, pale ilipokuwa cherehani yake.

Usidhani nakuandikia kwa kuwa nimekukumbuka. Kukumbuka ni kwa mtu aliyesahau, na mimi sijapata hata siku moja ya kukusahau. Naandika kwa sababu nimeagizwa, na aliyeniagiza utamjua huko mbele. Barua anakuletea mama katekista, anayekuja huko kwenye semina. Nimemkabidhi mkononi, nikamwambia asimpe mumeo wala jirani, akupe wewe. Sikuitia posta, ingawa posta haijawahi kutukosea kitu.

Nianze na lako, maana kosa lako lilikuja kwanza. Mwaka jana, mkesha wa Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, nilikuwa sakristia napanga mishumaa ya maandamano. Nilikuwa nimepiga pasi alba zote, na kasula nyeupe ile yenye nyuzi za dhahabu, anayoivaa paroko juu ya alba siku za sikukuu, nilikuwa nimeitundika mbali na nondo na vumbi kama nguo ya harusi. Kesho yake mlikuwa mnaweka nadhiri za kwanza za utawa, wanovisi wanne. Saa tisa alasiri mama mlezi akapiga simu ofisini kwa paroko kusema mmoja hayupo, kitanda kimetandikwa na shela iko juu ya mto. Hakutaja ni nani, lakini mimi nilijua kabla karani hajaiweka simu chini.

Mama alikwenda misani hivyo hivyo. Nilimsihi abaki nyumbani, akaniambia kwamba sikukuu ni ya Bwana, si ya binti yake. Akakaa benchi la mbele alilopangiwa kama mzazi, na zawadi yako mapajani, imefungwa kwa utepe. Wenzako watatu wakaitwa majina, wakaitikia. Mama akapiga makofi kwa kila mmoja. Watu wote walimwona akipiga makofi, na mimi nilimwona kutoka mlango wa sakristia, nikakuchukia kwa namna ambayo sikujua kwamba mtu anayeshika funguo za tabenakulo anaweza kuwa nayo.

Na unajua vizuri nani alikuwa aende utawani kabla yako. Barua ya kwanza ya kukubaliwa ilikuwa na jina langu, siyo lako. Mama akaikunja, akasema mkubwa ana mikono ya kazi na mdogo ana sauti ya kuimba, kwa hiyo Mungu apewe sauti na yeye abaki na mikono. Nilikubali. Sikununa hata siku moja mbele yenu. Wewe ukapanda gari na sanduku jipya, mimi nikapewa funguo za sakristia na cherehani ya kushonea stola zinazochanika. Mtaa mzima sasa unaniita Kalenda, kwa sababu mtu akitaka kujua Majilio yanaanza lini au kesho padre anavaa rangi gani, haendi kwa paroko, anakuja kwangu. Wanadhani ni jina la heshima, na mimi huliitikia. Kila nikiitikia nakumbuka kwamba nafasi yangu ulipewa wewe, ukaitupa kama ganda la ndizi, ukaenda kufunga ndoa bomani na mtu anayetengeneza mishale ya saa.

Miezi ile ya mwanzo mama hakukutaja. Kisha ikafika Jumapili ya Matawi, na tulipokuwa tunarudi na matawi yetu akasimama ghafla njiani, akasema hataki kukuona, ila ukimwandikia kwa mkono wako kumwomba radhi, atakusamehe siku hiyo hiyo na atakufungulia mlango, bomani au si bomani, mengine mtamalizana na paroko. Alisema kwa sauti kubwa, wapita njia wakageuka. Unamjua mama. Neno lake likishatoka halirudi mdomoni.

Tangu hapo akawa mtu wa kungoja. Kama unavyokumbuka, mtaa wetu hauna sanduku la posta, barua zetu zote hupitia sanduku la parokia, na anayezifuata ni mimi, Jumanne na Ijumaa, pamoja na barua za paroko na majarida ya masista. Jumanne na Ijumaa mama alikuwa anakaa karibu na dirisha. Nikiingia tu ananiuliza kama kuna chochote. Nikisema hakuna, ananiuliza kama nimetazama vizuri, maana bahasha nyembamba huingia katikati ya majarida. Nikisema nimetazama, anasema basi, labda sikukuu ijayo. Aliamini utaandika kwa ajili ya sikukuu, kwa sababu alitulea hivyo, kwamba mtu haingii sikukuu na deni la maneno moyoni.

Pasaka ikapita. Pentekoste ikapita, nikatoa kasula nyekundu na kuirudisha, majira ya kasula ya kijani yakaanza. Kupalizwa Mbinguni mama alivaa gauni lake la bluu, akaomba misa nia yake iwe mtoto aliye mbali. Siku ya Marehemu Wote ndiyo iliyoniuma. Alikuwa mezani anaandika majina ya wafu wetu wa kuwekwa kwenye kikapu cha altareni, baba, bibi, mjomba, yule kaka yetu aliyekufa mchanga. Akamaliza, kalamu ikabaki hewani. Akaniuliza kama mtoto aliye hai lakini haandiki anaweza kuandikwa humo, apate angalau sala. Nikamwambia hiyo itakuwa dhambi. Mimi huyo ndiye niliyemfundisha mama dhambi.

Najua ulipofika hapa damu imekuchemka na unataka kuirarua karatasi hii, kwa kuwa unajua ulichoandika na ulichokitia stempu. Usirarue. Soma mpaka mwisho, ndipo uchague cha kurarua.

Pasaka ya mwaka huu mama hakukomunika. Ulikuwa mkesha, kanisa limejaa mpaka nje, mshumaa wa Pasaka unawaka, na yeye, ambaye hajawahi kukosa tangu akiwa msichana, akabaki amekaa benchini huku watu wakimruka magoti. Jirani alidhani miguu imemzidi, akataka kumwitia padre. Mama akakataa kwa mkono. Tulipofika nyumbani alinieleza bila hasira. Alisema hawezi kumpokea Bwana kinywani na huku kifuani amebeba kinyongo kwa mtoto wake wa kuzaa. Mwaka mzima amejaribu kukitua, ameshindwa. Amekiombea, amekifungia, amepanda nacho Njia ya Msalaba Ijumaa zote za Kwaresima, na bado kiko. Wala kuungama hawezi, maana ataungamaje kitu ambacho hajakiacha?

Wiki mbili baadaye ndipo moyo ulipoanza kumsumbua. Daktari alinivuta kando, akaniambia moyo wa namna ile unaweza kusimama mtu akiwa anakunywa chai. Nikakimbia kwa paroko. Akaja, akavuta kiti karibu na kitanda, akamkumbusha mama kwa upole amri ya Kanisa, kwamba muumini apokee Ekaristi angalau mara moja kwa mwaka wakati wa Pasaka, na wakati huo unaishia Pentekoste. Akamwambia Mungu anaangalia nia. Mama akamjibu kwamba nia yake anaijua yeye, na si nzuri. Ndipo akasema lile neno: kwamba mwaka na zaidi umepita na binti yake hajamwandikia hata mstari mmoja, hata wa kumtukana.

Paroko aligeuka, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa. Alipokuwa anatoka aliniambia mlangoni, kana kwamba ananikumbusha ratiba, kwamba Jumamosi atakaa kitubioni kuungamisha watu saa nne kama kawaida.

Sasa soma polepole.

Barua zako zilifika. Zote tano. Ya Pasaka, ya Pentekoste, ya Kupalizwa, ya Watakatifu Wote na ya Noeli. Hakuna iliyopotea. Mimi ndiye niliyezitoa kwenye sanduku, na hakuna hata moja niliyomfikishia mama.

Ya kwanza sikupanga. Ilifika Jumanne ya Juma Kuu, nikaifungua sakristia pasi ikiwa inapata moto. Nilitaka tu kuona kama umeomba radhi kweli au unajitetea. Uliomba radhi kweli. Uliandika vizuri, kurasa tatu, ukamwulizia mama miguu yake, ukamwulizia jirani, ukauliza hata habari za yule paka mwenye kilema. Nikageuza kurasa nikitafuta jina langu, halimo. Nikadhani umesahau kwa haraka. Ya pili halimo. Barua tano, mdogo wangu, umemsalimia paka, mimi hukunisalimia hata mara moja. Mimi niliyeipisha sauti yako ipite. Ungeandika tu "msalimie dada", nadhani ile ya kwanza ningeipeleka. Sina hakika, lakini nadhani.

Nilizificha kwenye droo ya chini, chini ya kasula ya rangi ya waridi, kwa kuwa ile huvaliwa Jumapili mbili tu kwa mwaka mzima na hakuna anayeigusa siku nyingine. Mtu mwenye akili angekumbuka kwamba Jumapili mojawapo ni ya tatu ya Majilio. Mimi Kalenda nikaisahau. Asubuhi hiyo nilichelewa kwa mishumaa ya shada la Majilio, paroko akaivuta droo mwenyewe, na bahasha ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akasoma jina la mama juu yake, akanipa akicheka, akaniambia nisije nikaikalia barua ya mama yangu kama kuku wa mayai. Nikacheka naye. Ndiyo maana alinitazama vile.

Baada ya Noeli ulinyamaza, na sababu uliiandika mwenyewe kwenye ile ya tano: mtoto amezaliwa, umempa jina la mama, na mama asipojibu safari hii utaelewa kwamba umekufa kwake na hutamsumbua tena. Niliisoma mara nyingi. Kisha nikaogopa. Si kumwogopa Mungu, hapana, niliogopa droo. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima watu walirudisha matawi yao makavu ya mwaka jana ili yachomwe yawe majivu, kama kawaida, na mama akaleta lake, lile lile alilokuwa nalo siku aliposimama njiani akatoa ahadi yake. Nikawasha moto nyuma ya sakristia kwenye karai, nikaweka matawi, na katikati ya matawi nikaweka barua zako tano. Karatasi huacha majivu mepesi, yana vipande vya kijivu. Nikayaponda, nikayachekecha kwa chujio la chai mara mbili, nikayatia kwenye kibakuli cha shaba.

Jumatano ya Majivu nilishika kile kibakuli, nikasimama kando ya paroko. Mama akaja kwenye mstari na fimbo yake. Paroko akachovya kidole, akampaka msalaba kwenye paji la uso, akamwambia akumbuke kwamba yu mavumbi. Mama akaitikia amina. Radhi yako aliyoingoja mwaka mzima ilikuwa pale juu ya macho yake, na hakujua. Unajua yeye huwa hafuti majivu, huyaacha yatoke yenyewe. Kesho yake niliufua mto wake.

Tangu siku hiyo mimi nami sijakomunika. Ikifika wakati wenyewe nazama sakristia, nasingizia makaa ya chetezo. Jumamosi iliyopita nikaenda kitubioni saa nne, nikasema yote. Paroko akaniambia kwamba malipizi yangu si Rozari wala Njia ya Msalaba, kwa kuwa hizo ningezifanya nikiwa nimelala. Nimwambie mama kwa mdomo wangu, na nikuandikie wewe kwa mkono wangu. Basi huyo ndiye aliyeniagiza.

Nilimwambia mama Jumatatu, jua likiwa bado juu, mlango wazi. Nilipiga magoti karibu na kitanda ili nisione uso wake vizuri. Aliuliza jambo moja, ziko wapi. Nikamwambia zilipo. Akainua mkono, akajigusa paji la uso, taratibu, kama mtu anayepima homa. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaniuliza kama nilizisoma. Nikasema nilizisoma mpaka nazijua kwa moyo. Akaniamuru nizisome. Mdogo wangu, nilipiga magoti pale nikamghania mama barua zako tano, kuanzia salamu mpaka sahihi, ya Pasaka mpaka ya Noeli. Ile ya mtoto alinirudisha mara tatu. Nilipomaliza alikuwa analia, na alisema jina lako, na alisema amekusamehe. Nimeyasikia kwa masikio yangu, na nakuletea kama yalivyo: mama amekusamehe, hana neno nawe, njoo na mtoto na fundi saa wako.

Nilidhani yameisha. Nilifikiri dhambi ikishasemwa inapungua uzito kama nguo iliyokamuliwa. Lakini tangu Jumatatu hiyo mama hajapokea maji kutoka mkononi mwangu. Chai anapewa na jirani. Nikiingia sebuleni anageukia ukutani. Nampikia, chakula kinapoa, jirani anakuja kukipasha moto na kumlisha. Hanigombezi. Angenigombeza ningejua pa kushika.

Na jana, baada ya misa ya Kupaa Bwana, paroko alikuja na Ekaristi nyumbani. Nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mishumaa miwili, nikijua leo ndiyo leo. Mama alimsikiliza, akatikisa kichwa. Akamwambia, nami nimesimama pale pale na sahani mkononi, kwamba yule wa mbali ameshamtoa moyoni, hana tena kinyongo naye. Sasa ana kinyongo na huyu wa hapa, na hiki ni kikubwa kuliko kile, na hawezi kumdanganya Mungu akiwa karibu kuonana naye. Paroko akairudisha hostia kifuani mwake, akaondoka nayo. Mishumaa nikaizima mimi.

Leo tumeanza Novena ya Roho Mtakatifu. Siku tisa, kisha Pentekoste. Daktari hajaniahidi hizo tisa.

Sasa nisikilize. Sikupendi. Nimejaribu kuandika neno hilo kwa njia nyingine, imeshindikana, na paroko aliniambia nisipambe. Uliichukua nafasi yangu, ukaitupa, na ukaniacha na ndoo na funguo, na hata salamu ukaninyima. Lakini mimi siwezi kumfungulia mama mlango niliomfungia. Kila nikimkaribia namfungia zaidi. Katika dunia hii yote aliyebaki wa kumwambia anisamehe, naye akasikia, ni wewe. Kwa hiyo nakuomba. Mimi dada yako nakuomba wewe. Njoo kabla ya Pentekoste, ukae pale kitandani, umwombee radhi yule aliyezichoma radhi zako.

Ukikataa sitakuwa na cha kukulaumu. Mama atakufa amekusamehe wewe na hajanisamehe mimi, na huo utakuwa ushindi wako mbele ya Mungu na watu. Nakusihi usiuchukue.

Nisalimie fundi saa. Mtoto simjui, lakini mnapombeba mwambieni kwamba yuko mtu huku anayeijua siku yake ya kuzaliwa. Jirani anakusalimu. Mama katekista atarudi Jumatano, kwa hiyo kama una jibu la karatasi mpe yeye, usilitie posta.

Ni mimi,
dada yako